Uzi Kwenye Paja la Nguruwe: Maisha ya Trebius Vesonius wa Nola

Ndugu, jamaa na majirani wa kilima chetu cha Aventino hapa Roma, na nyinyi wa kundi la waigizaji mliosimama kule nyuma kana kwamba msiba huu hauwahusu, sogeeni karibu. Mimi ni Spurius Pontilius, fundi viatu, kaka wa mjane. Familia imeniomba niyasome maisha ya shemeji yangu kabla hatujawasha moto wa kuuchoma mwili wake. Nimeyaandika nikiwa na hasira, wala sifichi. Mkisikia sauti inanipanda, msidhani ni uchungu peke yake.

Marehemu Trebius Vesonius alizaliwa Nola, huko Kampania, mwaka ule Wakarthage walipopiga kambi nje ya kuta za mji. Alikuwa mtoto wa tatu wa Ovius Vesonius, mkulima wa mizabibu, na mkewe Vibia. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto alitoka huku mawe yakivurumishwa juu ya paa, na ndiyo sababu alipokua hakushtuka watu walipomzomea. Angejua mama wa watu jinsi mwanawe atakavyozomewa, angemrudisha tumboni.

Nyumbani kwao walisema Kioska, lugha ya watu wa Kampania. Siku za mavuno walikuja wachekeshaji wenye vinyago vya mbao: mlafi mwenye mashavu, mzee mpumbavu, na kibiongo mjanja. Trebius alipokuwa mdogo aliwafuata wachekeshaji hao mpaka kijiji cha tatu. Baba yake alimkuta amelala kwenye majani makavu, kinyago cha mzee mpumbavu kikiwa kimemfunika uso, akambeba, naye mtoto akakoroma humo humo mpaka Nola.

Alipofika umri wa kusoma alipelekwa Neapoli kwa mjomba wake, muuza mvinyo, akafundishwa na mwalimu wa Kigiriki aliyeitwa Herakleo. Mwalimu huyo alimchapa kila aliposema Kioska, na akimchapa alimtukana kwa mashairi. Marehemu alisema alijifunza mashairi mengi sana kwa njia hiyo. Kilatini alijifunza mwisho, kambini, alipokwenda Makedonia na askari wa Nola kupigana upande wetu Warumi. Ndiyo maana mtu huyu aliyewaandikia mabibi na mabwana maneno matamu, akijigonga kidole alitukana kama mchunga nyumbu wa jeshi.

Vita vilipokwisha, wenzake walirudi na vikombe vya fedha. Yeye alirudi na kapu la vitabu vya michezo ya Kigiriki, vingine vimetafunwa kingo. Baba yake alilifungua kapu, akalitazama, akamtazama yeye.

"Wenzako wameleta fedha. Wewe umeniletea chakula cha panya?"

"Baba, humu ndani mna watu."

"Watu gani?"

"Wazee wachoyo. Vijana waliochanganyikiwa na mapenzi. Watumwa wajanja."

"Hao si wapo hapa hapa Nola, bure? Ulivuka bahari kufuata nini?"

Marehemu alikuwa akisema swali hilo lilimkaa kooni maisha yake yote, kama mwiba wa samaki.

Baba yake alipofariki, Trebius alikuja Roma akapanga chumba cha juu, ghorofani kwetu, juu ya duka la baba yangu. Mimi wakati huo nilikuwa nikishona viatu laini vya waigizaji wa vichekesho, kwa hiyo niliijua ile kazi kabla yake. Nyinyi mnaoijua mnajua inavyokera. Mkuu wa michezo akija kununua mchezo kwa ajili ya sikukuu, haulizi kama unachekesha. Anauliza, "Ni wa Mgiriki gani?" Na siku ya kuonyeshwa, kabla ya kitu chochote, hutoka mtu mbele ya jukwaa akatangaza jina la Mgiriki na mji wake, kisha kwa sauti ya chini anaongeza kwamba umegeuzwa Kilatini na fulani. Watu wote mchezoni huvaa mashuka ya Kigiriki na kuishi Athene. Hata anayekula kabichi kama yetu, na kutukana kama sisi, ni wa Athene. Kwa nini? Kwa sababu mtumwa wa Kirumi hawezi kumzidi akili bwana wake mbele ya umati. Wa Athene anaruhusiwa.

Sitaki mseme ninawadharau Wagiriki. Marehemu angenifufukia hapa hapa. Aliwapenda mno, akasoma vile vitabu vya kapuni mpaka vikachanika, na nilimwona mara nyingi akifuta macho juu ya maneno ya mtu aliyekufa zamani katika mji asiowahi kuufika. Alikuwa akituuliza pale dukani, "Kabla wale mateka wa Kigiriki hawajaletwa kutoka Tarento, sisi Warumi tulikuwa na nini? Nyimbo za kukanyagia zabibu, matusi ya harusini, na maombi ambayo makuhani wenyewe hawajui maana yake." Halafu anacheka. "Na wasifu wa marehemu. Hicho ndicho chetu kabisa. Kudanganya juu ya maiti hatukufundishwa na mtu."

Aliigeuza michezo mingi kwa Kilatini, mingine akichukua miwili ya Kigiriki na kuiunganisha kama ninavyounganisha ngozi mbili kupata kiatu kimoja. Alisifiwa kidogo, akalaumiwa sana. Jioni moja akaniambia, "Shemeji, Mgiriki ndiye mama aliyetunyonyesha. Lakini hebu niambie, mtoto huachishwa ziwa lini?" Nilimjibu kwamba mimi ni fundi viatu.

Alifunga ndoa na dada yangu Pontilia mwezi wa Juni, baada ya Ide, yaani katikati ya mwezi, siku njema. Akawa mkwe wa baba yetu, Manius Pontilius, huyu mzee aliyekaa hapa mbele kwenye kigoda. Baba ameniruhusu niyaseme haya yanayofuata. Nilimwuliza mara tatu akanijibu, "Sema, mbona unaniuliza kama mwali?"

Basi nasema. Baba yangu alikuwa mchoyo. Juu ya meko yetu siku zote lilining'inia paja la nguruwe la kukaushwa, na baba alilizungushia uzi wenye fundo alilolijua yeye mwenyewe, ili mtu akikata hata kipande cha kubandika kwenye jino, ajulikane. Kila jioni alilikagua. Alilinusa, akashika fundo, kisha akaliuliza kama mtu anavyomwuliza mtoto aliyepigwa: "Niambie usiogope. Nani kakugusa?" Paja lisipojibu, alitugeukia sisi. "Kikulacho ki nguoni mwako!" Sisi tulizoea. Trebius, mgeni wa meza hiyo, alikuwa aking'ata ncha ya shuka ili asicheke.

"Baba," alithubutu siku moja, "paja hili tutalila lini?"

"Likiliwa si litakwisha?"

"Sasa ni la nini?"

"Ni la msiba."

"Msiba wa nani, baba?"

"Wa atakayelikata."

Katika mwaka wa sita wa ndoa yao marehemu aliandika mchezo uitwao Uzi. Aliuandikia jikoni kwetu, pembeni ya meko, chini ya paja lenyewe. Hakufungua kapu. Hakuwamo Mgiriki hata mmoja. Alipomaliza alishuka dukani akanisomea, nikacheka mpaka nikajichoma sindano kidoleni. Alitaka waigizaji wavae toga, vazi letu Warumi, na mzee aishi mtaani kwetu, karibu na ngazi za Aventino. Nilimwona ana furaha kama siku ya harusi yake. Ilikuwa mara ya mwisho kumwona hivyo.

Alikwenda kwa mkuu wa michezo wa mwaka ule pamoja na kiongozi wa waigizaji. Nami nilikuwepo, nimebeba viatu.

"Ni wa Mgiriki gani?" akauliza mkuu wa michezo.

"Ni wangu."

"Najua umeugeuza wewe. Nauliza mwenyewe nani."

"Mwenyewe ni mimi, bwana."

Yule bwana akamcheka usoni. "Vesonius, nina watu wazito wa kuwakaribisha. Niwaambie waje kutazama mambo ya Nola? Nenda kamtafute mwenyewe."

Kiongozi wa waigizaji akamvuta pembeni. "Trebi, watu wangu wana njaa. Mtaje Mgiriki yeyote, basi yaishe."

Shemeji yangu akageuka, amekunja uso, akabwata jina la kwanza lililomjia mdomoni: "Timonakti wa Knido!"

"Aaa!" mkuu wa michezo akapiga paja lake. "Timonakti! Sasa umesema. Huyo bwana ni mtamu sana."

Jamani. Wanasema kizuri chajiuza. Labda kwingine. Roma kizuri hakijiuzi mpaka kivishwe shuka la Kigiriki.

Mchezo wa Uzi ulionyeshwa kwenye sikukuu za Septemba, na hakuna aliyeondoka kwenda kutazama wapiga ngumi. Yule mzee wa Athene alilinusa paja lake, akaliuliza nani kaligusa, na umati ukalia kwa kicheko. Baba yangu alikuwa mstari wa mbele. Alicheka kuliko watu wote. Alimpiga jirani yake mgongoni akipayuka, "Haki ya Herkule, Wagiriki ni wachoyo! Anaongea na nyama!" Dada yangu alijifunika uso kwa mtandio. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Baadaye akaja bwana mmoja mkubwa wa kilima cha Palatino, akifuatana na mwalimu wake wa Kigiriki. Akamshika marehemu bega.

"Hongera, Vesonius. Umejitahidi. Ila kwa Kigiriki chake ni tamu zaidi. Pale kwenye paja, Timonakti ana ulaini ambao wewe umeupoteza."

"Umemsoma wapi, bwana?"

"Kisiwani Rodo, nilipokwenda na wajumbe."

Na yule mwalimu, mnisikilize, yule mwalimu akatikisa kichwa akakubali.

Shemeji alirudi nyumbani akalala akiangalia ukuta. Nilipompelekea mvinyo alisema, "Wamesoma kitabu ambacho hakipo, wakaona kimenishinda."

Uzi umeonyeshwa tena na tena kwa zaidi ya miaka ishirini, hapa Roma na hata huko Kapua, na kila mara hutoka mtu mbele akatangaza Timonakti wa Knido. Marehemu alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: jina hilo litolewe. Aliwaambia wakuu wa michezo, mmoja baada ya mwingine. Wakamwambia asiwaaibishe wenzao waliotangulia. Mwaka mmoja uvumilivu ukamwisha. Alisimama katikati ya umati mtangazaji akiwa bado anazungumza, akapiga kelele, "Huyo Mgiriki hayupo! Nimeuandika mimi!" Walimzomea. "Mzee kachakaa," walisema, "sasa anamwibia Mgiriki." Tangu siku ile aliitwa mwizi, na hakuna mkuu wa michezo aliyenunua kazi yake tena. Mwizi wa mali yake mwenyewe! Dada yangu ameishi na neno hilo sokoni, kisimani, kila mahali.

Nilimwambia mara ngapi sijui: tunaye shahidi ndani ya nyumba. Tumwambie baba. Akisimama yeye mbele ya watu akasema, "Yule mzee ni mimi, na lile paja ni langu," nani atabisha?

"Hapana," alinijibu.

"Kwa nini?"

"Siwezi kupata jina langu kwa kumvua nguo baba mkwe. Ananilisha."

"Anakulisha nini wewe? Nyama yenye uzi?"

"Ananilisha hata hivyo."

Nilimwita mpumbavu. Sijabadili mawazo. Lakini ndivyo alivyokuwa, na wasifu usiosema hivyo utakuwa wa mtu mwingine.

Marehemu alianza kuugua homa ya vipindi mwanzoni mwa joto la mwaka huu. Tulimpa kabichi, dawa yetu ya kila ugonjwa, ikashindwa. Tukamleta mganga, naye, kama mnavyojua, alikuwa Mgiriki. Hata hapo hatukumkwepa! Akamkataza kula, akamwogesha, akaondoka akitikisa kichwa.

Mchana mmoja, mimi na Pontilia tukiwa pembeni ya kitanda, tulisikia miguu ikipanda ngazi polepole. Alikuwa baba, ambaye kwa umri wake alishaacha kupanda ngazi ile. Mkono mmoja alikuwa na sahani yenye kipande kinene cha paja. Mkono mwingine alikuwa na uzi.

"Kula, mwanangu."

Trebius alikitazama kile kipande. "Baba, umelikata?"

"Nimelikata. Kula kabla sijajuta."

Akaketi. Akauviringisha uzi kidoleni.

"Trebi. Juzi nilikuwa naliuliza paja nani kaligusa. Huyu kitukuu wangu, mtoto wa binti yako Vesonia, akanimalizia maneno yangu. Yote, mpaka pale pa kikulacho. Nikamwambia, umejuaje nitakalosema? Akasema, si mchezo wa babu huo, aliotufundisha?" Akaukaza ule uzi. "Yule mzee wa Athene. Ni mimi?"

Pontilia alinishika mkono. Marehemu alifumba macho.

"Ni wewe, baba."

"Na Mgiriki?"

"Hayupo. Hajawahi kuwepo."

"Miaka yote hii nimekuwa nikijicheka mwenyewe."

"Ulicheka vizuri kuliko wote, baba. Nilikuwa nakuangalia wewe tu."

Baba akainamisha kichwa. "Na wewe ukaitwa mwizi ili mimi nisione haya." Kisha akakasirika, kama tunavyomjua. "Nani kakwambia mimi naona haya? Uliniuliza? Mjinga wewe! Kula nyama!"

Shemeji alikula huku machozi yakimtiririka, akasema chumvi imezidi. Baba akamjibu chumvi ni ghali, amshukuru. Katika wale maelfu waliouona mchezo ule, huyu mzee asiyejua kusoma ndiye mtu wa kwanza aliyempa mwandishi haki yake.

Trebius Vesonius alifariki dunia siku ya nne baada ya Ide ya mwezi wa Kwintili, unaofuata Juni, asubuhi, chumbani kwake Aventino, akiwa na umri wa miaka sitini. Dada yangu aliipokea pumzi yake ya mwisho kwa midomo yake, akamwita kwa jina kama ilivyo desturi, naye hakuitika. Siku moja kabla aliniambia, "Utasoma wewe, shemeji. Usitafute Mgiriki wa kuiga." Sikumtafuta.

Jana alikuja kutupa pole yule bwana mkubwa wa Palatino. Ni mzee sasa. Alilia kweli, siwezi kumsingizia. Akamwambia dada yangu, "Hasara kubwa. Sasa nani atatuletea Timonakti?"

Nilikuwa nimeshika kalibu ya kiatu, ule mguu wa mbao wa kushonea, na miungu inajua nilitaka kuifanyia nini. Lakini baba alinitangulia. Alisimama kwa fimbo yake.

"Bwana, yule mzee wa paja ni mimi. Aliyeniandika ni mkwe wangu huyu uliyemkuta amelala. Timonakti wako hajaonja nyama yangu."

Yule bwana alimpapasa bega. "Uchungu, mzee wangu. Uchungu ni kitu kibaya." Akaenda zake.

Mmeona? Hata baada ya hapo! Basi nawageukia nyinyi wa kule nyuma. Septemba mtauonyesha Uzi tena, na nimeambiwa mkuu wa michezo ameagiza jina la yule Mgiriki lisiguswe. Haya. Mtangazieni. Baba yangu atakuwa mstari wa mbele, na mara tu jina hilo likitajwa atasimama aunuse mfupa utakaobaki wa paja lake halisi, na kuuliza swali lake kwa sauti yake, kabla ya mwigizaji wenu. Ameniagiza niwaambie hivyo. Roma nzima imjue kwa uchoyo wake, amesema, mradi imjue Trebi kwa kazi yake. Halafu watu wachague wenyewe nani anamwiga nani.

Marehemu ameacha mjane, Pontilia. Binti, Vesonia, na mumewe. Mjukuu mmoja anayejua mchezo wote kwa moyo. Baba mkwe, Manius Pontilius. Na mimi shemeji yake, ambaye sina tena mtu wa kutaniana naye. Mchonga jiwe aliniuliza kama aandike "mfasiri". Nilimfukuza, nikamwita tena, kwa kuwa wengine ni ghali zaidi. Ataandika jina lake, Nola alikozaliwa, na kwamba aliandika Uzi.

Baba amekwisha kuufunga ule uzi kwenye kidole cha marehemu, kwa fundo lake mwenyewe, na atakwenda nao motoni. Moto ukizimika msiondoke. Lile paja limeletwa, lote lililobaki, kwa kuwa siku zote lilikuwa la msiba, na baba mwenyewe ndiye atakayewakatia. Kuleni mshibe, hatamwuliza mtu.

Trebius Vesonius, mwandishi wa Uzi, apumzike.